Rangi Iliyochukua Nafasi ya Mtu

Mwajua jinsi watoto wa shule wanavyoipenda rangi ya timu yao. Avaapo nguo nyekundu uwanjani, hata mtoto mpole hupiga kelele mpaka sauti ikauke. Leo twataka kuwasimulia habari za shule moja kubwa ya Marekani, iliyohangaika miaka mingi kwa ajili ya alama ya wachezaji wake.

Ni chuo kikuu cha Stanford, katika California. Bwana Leland Stanford, tajiri wa njia ya reli, alikianzisha pamoja na mkewe Jane mwaka 1885, kwa ukumbusho wa mtoto wao wa pekee aliyefariki akiwa na miaka 15. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1891. Tarehe 19 Machi 1892, huko San Francisco, wakapambana na majirani zao wa chuo kikuu cha California katika mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa kwa mikono na kuangushana. Wageni hao wa juzi wakashinda 14 kwa 10! Magazeti yakawaita kwa rangi yao: kardinali, yaani nyekundu iliyokoza kama mavazi ya Makardinali wa Kanisa. Wengine hudhani ni yule ndege mwekundu wa Marekani. Sivyo, ni rangi tu.

Lakini mwaka 1930 wakaona rangi haitoshi. Wakachagua alama ya Mhindi, ndilo jina ambalo Wazungu waliwapa kwa makosa wenyeji wa kwanza wa Amerika. Wakamchora na pua kubwa ya kuchekesha. Baadaye mtu mmoja wa kabila la Yurok alivaa manyoya na kucheza ngoma mbele ya watazamaji. Yeye aliitetea kazi hiyo, na twapaswa kusema hivyo kwa haki.

Hata hivyo, vijana wa makabila hayo walipoanza kusoma pale kwa wingi kidogo, walijiona wamekaa darasani na wenzao ambao Jumamosi huwacheka babu zao. Mwaka 1972 wanafunzi na wafanyakazi zaidi ya 50 walimwandikia mkuu wa chuo, Richard Lyman, wakiomba alama hiyo iondolewe. Ikaondolewa mwaka uleule. Wengi waliosoma pale zamani walikasirika sana, wakasema roho ya timu imeuawa. Sisi twaona vijana wale walisema kweli: ukoo wa mtu si kitu cha kuchezea.

Kutafuta jina jipya hakukuwa rahisi. Mwaka 1975 wanafunzi walipiga kura wakachagua «Mabwana Wanyang'anyi», wakimdhihaki mwanzilishi wao na mali yake ya reli. Wakubwa wa chuo wakakataa, na hatushangai! Ndipo mwaka 1981 mkuu mwingine, Donald Kennedy, alipotangaza kwamba timu zote zitaitwa Kardinali, kwa umoja, maana ni rangi. Rangi haina babu wa kutukanwa.

Na watoto hawakosi mchezo. Katika muhuri wa chuo umo mti mrefu uitwao El Palo Alto, uliosimama karibu na pale. Tangu mwaka 1975 wapiga muziki wa chuo humvika mmoja wao vazi la mti, naye hurukaruka uwanjani, majani yakipukutika. Chuo hakijaupokea kamwe kuwa alama yake rasmi, lakini watazamaji huungoja.