Utunzi na Usanifu: Maneno Mawili Katika Mabishano ya Wachezaji

Mwaka 1931 jarida la Bantu Studies, lililokuwa likichapishwa Afrika ya Kusini, lilitoa ngano za Kinyiramba zilizokusanywa na Frederick Johnson. Miaka michache kabla ya hapo, jarida hilohilo lilikuwa limekwisha kutoa maelezo yake juu ya sarufi ya lugha hiyo, inayosemwa Iramba, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Singida. Wafasiri na walimu wengi wanamfahamu Johnson kwa jambo jingine. Yeye ndiye aliyekuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili katika Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Na kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1939, baada ya yeye kufariki. Tena alikuwa mfasiri. Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, vitabu vilivyosomwa na wazee wetu shuleni, vilipita mikononi mwake.

Tunamkumbusha msomaji habari za mtu huyu kwa sababu alifanya kazi mbili ambazo kwa kawaida hatuzitazami pamoja. Kwa upande mmoja aliziweka katika maandishi ngano ambazo uzuri wake ulikuwa katika sauti ya msimulizi na katika kuitikia kwa wasikilizaji. Kwa upande wa pili aliongoza ofisi iliyopima vitabu kwa kipimo cha lugha. Miswada ya vitabu vya shule ilipelekwa kwa Kamati, ikakaguliwa Kiswahili chake, na ile iliyokubaliwa ikapewa idhini. Kipimo hicho kilifanya kazi kubwa, wala hatuna nia ya kukibeza. Lakini kilituachia urithi wa namna yake: tukawa na maneno mengi ya kueleza kwamba lugha ya kazi fulani ni sahihi au si sahihi, na maneno machache ya kueleza kwamba kazi yenyewe imejengwa vizuri au vibaya.

Upungufu huo unaonekana leo mahali ambapo Johnson asingeweza kupadhania. Katika mji wa Singida, kama katika miji mingine ya nchi yetu, viko vibanda ambamo vijana hulipa fedha kidogo wakakaa mbele ya televisheni na pedi mkononi. Wengi hucheza mpira wa miguu. Wako wachache, na hasa wale wenye kompyuta au simu nzuri, wanaopenda michezo ya aina nyingine, ambayo mchezaji huchukua nafasi ya mtu fulani katika hadithi ndefu, akasafiri, akazungumza na watu, akachagua njia, na hadithi ikabadilika kwa kadiri ya uchaguzi wake. Wapenzi wa michezo hii ni wabishi kupita wapenzi wa mpira. Wanabishania kama hadithi imeandikwa vizuri, na kama mchezo umepangwa vizuri. Na mara nyingi wanadhani wanabishania jambo moja kumbe ni mawili.

Kwanza jina. Walimu wanaifahamu istilahi igizo dhima, ambayo hutumika katika mbinu za kufundishia: mwanafunzi mmoja anakuwa mgonjwa, mwenzake mganga, nao wanazungumza kana kwamba ndivyo walivyo. Kwa maoni yetu hapana haja ya kubuni neno jipya. Mchezo wa igizo dhima unatosha, na aliyezoea neno hilo darasani ataelewa mara moja.

Asili ya michezo hii haikuwa katika kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons, unaochezwa mezani kwa karatasi, dadu na maneno. Mmoja wa wachezaji ni msimulizi: yeye hueleza mahali walipo, hatari iliyo mbele, na matokeo ya kila tendo. Wengine ni wahusika. Dadu huamua kama pigo limempata adui. Ukiitazama hali hiyo kwa makini utaona kwamba haiko mbali sana na ya wale waliosimuliwa ngano za Iramba jioni, ila kwamba wasikilizaji wamepewa ruhusa ya kuingia ndani ya ngano na kufanya fujo. Baadaye kompyuta ikashika kiti cha msimulizi. Wajapani walitoa Dragon Quest mwaka 1986, na Final Fantasy mwaka uliofuata. Katika bara letu, kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion mwaka 2016, mchezo uliojengwa juu ya mawazo na visasili vya Kiafrika.

Sasa tuingie katika mabishano yenyewe. Mchezo ambao hutajwa kila mara ni Planescape: Torment wa mwaka 1999. Mhusika wake mkuu ni mtu asiyekufa na aliyesahau jina lake, naye huenda akitafuta habari za maisha yake yaliyopita. Wapenzi husifu maneno yake, nao hao hao hukiri kwamba mapigano yake yanachosha. Je, huo ni mchezo mzuri au mbaya? Kijana wa kibandani ataweza kusema kwamba «stori ni kali, gemu ni bovu», na msemo huo, pamoja na ukali wake wa mtaani, una usahihi ambao lugha yetu rasmi bado haijaufikia.

Kisa cha pili ni cha mwaka 2012. Kampuni ya BioWare ya Kanada ilitoa Mass Effect 3, mwisho wa hadithi iliyokuwa imegawanywa katika michezo mitatu. Wachezaji walikuwa wamefanya uchaguzi mwingi tangu mchezo wa kwanza, wakaambiwa kwamba uchaguzi huo una uzito. Walipofika mwisho wengi waliona kwamba njia zote zinaishia karibu mahali pamoja. Malalamiko yakawa makubwa hata miezi michache baadaye kampuni ikatoa nyongeza ya bure iliyoufafanua mwisho huo. Wapo waliosema kwamba mtunzi amelazimishwa kubadili kazi yake, jambo lisilofaa kutendwa kwa mwandishi wa riwaya. Lakini kosa lililolalamikiwa halikuwa la maneno tu. Mchezaji alikuwa ameahidiwa kanuni, kwamba tendo lake litazaa matokeo, na kanuni haikutimizwa. Mfasiri atakayesema kwa Kiswahili kwamba watu hao walilalamikia «hadithi mbaya» atakuwa ameificha nusu ya habari.

Na je, wanazuoni wetu hawakutupatia fani na maudhui? Ndiyo, na jozi hiyo ilitumika sana katika mabishano ya ushairi ya miaka ya 1970, hasa baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974. Lakini fani ni umbo la kilichosemwa. Haina nafasi ya kanuni inayomtaka mtu mwingine atende. Kwa kanuni hizo tunalo bao. Mchezo huo wa mashimo 32 na kete 64 una msamiati wake kamili: namua, mtaji, nyumba, kichwa, kimbi, kutakata. Mchezaji hodari hueleza kwa maneno hayo kwa nini hatua fulani ni ya kijinga, wala hamuulizi mtu kama bao lina hadithi. Basi bao lina kanuni bila hadithi, na ngano ina hadithi bila kanuni. Mchezo wa igizo dhima unavyo vyote viwili, na ndiyo maana ugomvi wake hauishi.

Tukitafuta neno la upande wa kanuni tunakutana na usanifu, na hapa ndipo ilipo taabu. Katika matumizi ya zamani, kusanifu ni kutunga kwa ustadi. Na tena kumsanifu mtu ni kumfanyia dhihaka. Tangu siku za Kamati ya Johnson, sanifu limekuwa pia sifa ya lugha iliyokubaliwa rasmi. Magazeti yanao wasanifu wa kurasa. Wachora ramani za nyumba waliitwa wasanifu majengo, lakini bodi inayowasajili inawaita wabunifu majengo. Hilo la mwisho linatuonyesha kwamba wengine wamekwisha kulikimbia neno usanifu kwa sababu ya mzigo wake, wakakimbilia ubunifu. Hatudhani kwamba wamepata pahali pa salama zaidi. Ubunifu ndilo neno tunalolitumia kwa kazi yoyote ya kubuni, riwaya na tamthilia zikiwamo. Mtu akisema kwamba mchezo una «ubunifu hafifu», hatutajua kama anamlaumu aliyeandika mazungumzo au aliyepanga kanuni.

Kwa hiyo tunapendekeza utunzi kwa maneno na hadithi, usanifu kwa kanuni na mpango wa mchezo, na ubunifu ubaki kuwa sifa inayoweza kutolewa kwa vyote viwili. Afanyaye kazi ya kwanza aitwe mtunzi, wala si mwandishi, maana mwandishi kwetu ni pia wa habari na wa ofisini. Afanyaye ya pili aitwe msanifu wa mchezo.

Huenda mtumishi wa serikali akauliza mambo haya yanamhusu nini. Yanamhusu siku kijana atakapoleta ombi la kuandikisha kazi yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za maandishi na programu za kompyuta. Lakini wazo tupu, au utaratibu wa kufanya jambo, haulindwi kwa hakimiliki. Mazungumzo ya wahusika yaliyoandikwa ni mali ya mtunzi wake. Kanuni ya kwamba kila uchaguzi hupunguza nguvu za mhusika ni jambo jingine. Fomu ikiwa na neno moja tu, mbunifu, kijana aliyesanifu kanuni atadhani amepata ulinzi ambao hakupewa, na mwenzake aliyetunga maneno huenda jina lake lisionekane kabisa.

Hata hivyo iko kazi moja inayolitatiza pendekezo letu, nasi hatuna budi kuitaja. Mchezo wa Disco Elysium wa mwaka 2019, uliotungwa na kundi lililotokea Estonia likiongozwa na mwandishi wa riwaya Robert Kurvitz, hauna mapigano ya kawaida. Maneno yake yanakadiriwa kuzidi milioni moja. Mhusika mkuu ni mpelelezi, na akili yake imegawanywa katika stadi 24, kama vile mantiki, huruma na uvumilivu. Katika michezo mingine stadi ni tarakimu tu. Hapa kila stadi ina sauti yake, inamshauri mchezaji, inamdanganya, inagombana na wenziwe. Kanuni yenyewe inasema. Ukiuliza kama sauti ya huruma ni utunzi au ni usanifu, jibu ni kwamba haigawanyiki, kama vile katika ngano za Iramba isivyogawanyika sauti ya msimulizi na itikio la wasikilizaji, mpaka ilipofika siku ya kuziandika ndipo itikio likabaki nje ya kitabu.