Alitunguliwa au Alianguka? Uhakiki wa Wasifu wa Rubani wa Vita

Katika miswada iliyoletwa mezani petu ili istilahi zake zihakikiwe, umo wasifu mfupi wa Roald Dahl, mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto, aliyezaliwa Wales mwaka 1916. Mfasiri wake ni hodari na Kiswahili chake ni safi. Hata hivyo sentensi yake moja ilituchukua siku nyingi: "Mwaka 1940 rubani huyo wa ndege za kivita alitunguliwa nchini Libya." Sarufi yake haina kasoro, na msomaji ataipita bila kushtuka. Lakini ndani yake mna makosa mawili ya historia na moja la istilahi.

Tuanze na historia, ambayo kwa sehemu ni ya kwetu. Dahl alifika Dar es Salaam mwaka 1938 akiwa mtumishi wa kampuni ya mafuta ya Shell. Vita Kuu ya Pili ilipozuka alikwenda Nairobi, na mnamo Novemba 1939 akajiunga na Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza. Mafunzo ya kwanza aliyapata Nairobi, katika ndege ndogo aina ya Tiger Moth, kisha akapelekwa Habbaniya, Iraki. Agosti 1940 alipata uofisa. Mfasiri amekiita cheo chake "ofisa rubani", kwa kufuata neno kwa neno jina la Kiingereza. Tafsiri hiyo inapotosha, maana cheo hicho ndicho cha chini kabisa cha uofisa katika jeshi hilo, na walikipata hata maofisa wa ghala ambao hawakupata kurusha ndege. Kinalingana na luteni usu, na ndivyo tulivyoshauri kiandikwe.

Tarehe 19 Septemba 1940 Dahl aliamriwa kupeleka ndege aina ya Gladiator, yenye mabawa ya ghorofa mbili, kwenye kituo cha mbele cha Kikosi Namba 80. Kituo hicho kilikuwa jangwani, yapata kilomita 48 kusini ya mji wa Mersa Matruh. Alipita Fuka kuongeza mafuta, akaelekezwa njia, akaruka. Kituo hakukiona. Jua lilikuwa linazama na mafuta yanakwisha, akaamua kutua mchangani. Magurudumu yakagonga jiwe, ndege ikavunjika na kushika moto. Alijiburuta nje akiwa amevunjika fuvu la kichwa, pua imepondeka, na macho hayaoni. Alilazwa hospitalini Aleksandria kwa miezi kadhaa kabla ya kurudi kazini.

Yeyote mwenye ramani ataona kwamba Mersa Matruh iko Misri, karibu kilomita 200 mashariki ya mpaka wa Libya. Wala hapakuwa na adui aliyempiga. Basi maneno hayo mawili, Libya na kutunguliwa, yalitoka wapi? Yalitoka katika gazeti la Marekani, Saturday Evening Post. Agosti 1942, Dahl akiwa ofisa katika ubalozi wa Uingereza mjini Washington, gazeti hilo lilichapa simulizi yake bila kumtaja jina, na kichwa cha habari kikayabeba maneno yote mawili. Wakati ule Marekani ilikwisha ingia vitani, na rubani aliyepigwa na adui alikuwa habari ya kutia moyo kuliko rubani aliyepotea njia. Baadaye, katika kitabu chake Going Solo cha mwaka 1986, Dahl mwenyewe alieleza ajali ilivyokuwa. Lakini kichwa cha gazeti kilikwisha tangulia, na waandishi wengine wakaendelea kukinakili. Mfasiri wetu hakudanganya, alirithi.

Hapa ndipo Kiswahili kinapombana mfasiri. Kitenzi tungua kina mtendaji ndani yake. Embe hutunguliwa kwa ufito au kwa jiwe. Likidondoka lenyewe hatusemi limetunguliwa. Kwa hiyo aandikaye "alitunguliwa" amekwisha shuhudia kwamba yuko aliyepiga, hata kama hakumtaja. "Alianguka" ni afadhali, lakini nalo halitoshi, kwa sababu rubani huyu hakuporomoka kutoka angani. Aliishusha ndege kwa hiari yake akiwa hana njia nyingine. Tuliandika: "alilazimika kutua jangwani, na ndege ikavunjika."

Kosa la istilahi ni hilo la "ndege za kivita". Ndege ya kudondosha mabomu ni ya kivita, na ya kuchukua askari vile vile. Gladiator iliundwa ili kupambana na ndege nyingine, kwa hiyo tulipendekeza "ndege za kupigana angani". Ni refu, twakiri.

Mapigano yenyewe Dahl aliyaona Aprili 1941 huko Ugiriki, akirusha Hurricane, na baadaye mwaka huo dhidi ya Wafaransa wa serikali ya Vichy huko Syria. Huko kitenzi tungua ni halali kabisa, ila hapana budi kutenganisha "alidai ametungua" na "ilithibitishwa ametungua". Pat Pattle wa kikosi jirani, aliyeuawa juu ya Athens tarehe 20 Aprili 1941, hadi leo idadi ya ndege alizotungua inabishaniwa, kwa kuwa kumbukumbu nyingi za kikosi zilipotea Waingereza walipokimbia Ugiriki. Mswada ulisema tu "alitungua", pasipo kubagua.

Limebaki neno moja ambalo hatujaliamua. "Kikosi" hutumika kwa askari wachache wa doria na hutumika kwa kundi zima la ndege kumi na kitu pamoja na mafundi wake. Wengine wamependekeza skwadroni. Wasomaji waliotumikia jeshi la anga wanaombwa kutuandikia neno walilolitumia wao kazini.