Kuruka kwa Mizani, Kuruka kwa Mashine

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilisafiri kwa basi, nimepakata mashine ndogo ya CD, nikisikiliza utenzi ulioghanwa na mzee mmoja wa ukoo wetu, ambaye wakati huo alikwisha kutangulia mbele ya haki. Barabara ilikuwa ya makorongo. Kila gurudumu lilipotumbukia, sauti iliruka: mizani nane zikawa tano, na kina kikapotea. Nilikasirika mno, maana sikuwa na nakala nyingine.

Kitenzi hicho, kuruka, tulikirithi kutoka kwenye santuri, ambayo sindano yake huchupa kutoka mfuo mmoja hadi mwingine. Mwaka 1956 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliuza magari yenye gramafoni ndani, zikizungusha santuri za inchi 7 kwa mwendo wa polepole. Hazikudumu sokoni.

Kisha ikaja Walkman ya Sony, Julai 1979. Kanda hubanwa kwenye kichwa cha kusomea, kwa hiyo haina pa kurukia. Ukiitikisa, sauti huyumba tu, kama ya mghani aliyepaliwa. Kanda zetu zililiwa, zilivutika, zilizungushwa kwa kalamu ya risasi, lakini ubeti haukupotea. Mimi bado naihesabu kuwa mashine ya kishairi kuliko zote.

CD ya kubebeka, iliyotoka mwaka 1984, ilileta usafi wa sauti pamoja na udhaifu wa ajabu. Mwanga wa leza hufuata mistari iliyoachana kwa sehemu 1.6 tu za elfu ya milimita, pasipo kitu cha kuushikilia humo. Hatua ya mguu yatosha kuupotosha. Dawa iliyopatikana miaka ya 1990 haikuwa kuuzuia mtikisiko, bali kuutangulia: mashine husoma kwa kasi kuliko inavyocheza, ikaweka akiba ya sekunde kadhaa kwenye kumbukumbu. Leza ikipotea njia, msikilizaji hulishwa ile akiba hadi irejee. Ndivyo afanyavyo malenga hodari, ambaye ulimi uko ubeti huu na moyo uko ule ujao. iPod ya kwanza, mwaka 2001, ilikuwa na diski inayozunguka, ila akiba yake ilifika dakika 20. Siku hizi simu hazina hata kipande kinachozunguka ili kusoma muziki, basi hakuna cha kuruka.

Mashine yangu ilikuwa ya bei nafuu, haina akiba yoyote.

Miaka mingi baadaye nilihamishia CD ile kwenye kompyuta, nikaisikiliza nimetulia mezani, daftari mkononi. Beti zote zilizorushwa na barabara zilirudi, isipokuwa mmoja. Pale mzee anakohoa, ananyamaza kidogo, kisha anaendelea na ubeti unaofuata. Kisa kina pengo, na hakuna shimo lolote la kulilaumu. Ubeti huo ningali nautafuta kwa ndugu.