Programu-jalizi na Kiendelezi: Istilahi Mbili na Usalama wa Kompyuta ya Nyumbani

Istilahi njema haikitaji kitu tu, bali humsaidia msomaji kukielewa. Katika makala haya tunakusudia kuzichunguza istilahi mbili, programu-jalizi na kiendelezi, ambazo aghalabu hutumiwa kana kwamba ni moja. Tutaanza na historia ya vitu vyenyewe, kwani asiyeijua hawezi kuona jinsi kuzichanganya kunavyoweza kumtia hasarani mtu aliyeketi nyumbani mbele ya kompyuta yake.

Vivinjari vya awali vilionyesha maandishi na picha, na si mengi zaidi. Mwaka 1996 toleo la pili la Netscape Navigator liliwafungulia mlango watengenezaji wengine, wakaweza kuunda programu ndogo za kupachikwa katika kivinjari ili kionyeshe sinema, kitoe sauti au kisome nyaraka za aina mpya. Hiyo ndiyo programu-jalizi. Jina hili latokana na kujaliza, na kwa upande wa manufaa limefaa sana, kwa kuwa programu hiyo hukijaza kivinjari pale kilipopungukiwa. Lakini upande wa pili halikuutaja. Programu-jalizi za wakati huo kwa kawaida zilifanya kazi kwa mamlaka yote ya mwenye kompyuta: alipoweza yeye kusoma mafaili na kuyafuta, nazo ziliweza. Kasoro moja tu ndani yake ilitosha kumpa mtu wa mbali funguo za nyumba nzima.

Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ilitoa toleo la tatu la Internet Explorer, pamoja na ufundi ulioitwa ActiveX. Kinga iliyotegemewa ilikuwa sahihi ya kielektroni ya mtengenezaji. Kabla mwaka haujaisha, Mmarekani Fred McLain aliunda programu ya ActiveX yenye sahihi halali, ambayo kazi yake ilikuwa kuizima kompyuta ya aliyeipokea. Mapema mwaka 1997 nao wanachama wa Chaos Computer Club ya Ujerumani walionyesha hadharani jinsi ufundi huo ulivyoweza kutumiwa kupenyeza agizo la kuhamisha fedha katika programu ya hesabu iitwayo Quicken. Ikawa wazi kwamba sahihi humtambulisha mwandishi, wala haithibitishi kuwa alichokiandika ni chema.

Onyo hilo halikutosha. Mwaka 2012 kirusi kilichoitwa Flashback kilipenya kwa njia ya kasoro za Java, na kampuni ya Doctor Web ya Urusi ilikadiria kuwa kompyuta zaidi ya 500,000 za Apple zimeambukizwa. Januari 2013 Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani iliwashauri wananchi waizime Java katika vivinjari vyao. Hatimaye mlango ulianza kufungwa: Chrome iliziacha programu-jalizi za mtindo wa Netscape mwaka 2015, Firefox ikafuata mwaka 2017, ikiibakiza Flash peke yake, na Flash yenyewe ikakomeshwa na kampuni ya Adobe tarehe 31 Desemba 2020.

Je, hatari imekwisha? La, imehama. Mahali pa programu-jalizi pamechukuliwa na kiendelezi. Hiki kwa kawaida hakivuki mipaka ya kivinjari, lakini siku hizi benki, barua na ofisi ya mtu zimo humo humo. Kiendelezi kilichopewa ruhusa ya kusoma na kubadili kurasa zote huweza kuyaona mengi ayaandikayo, hata nywila. Tena hujisasisha chenyewe. Kiendelezi cha The Great Suspender, kilichokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2, kilipata mmiliki mpya mwaka 2020. Februari 2021 Google ilikiondoa kwa kuwa kilikuwa na programu hasidi. Waliokiweka hapo mwanzo hawakukosea kuchagua. Kitu walichokichagua ndicho kilichobadilika mikononi mwao. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, istilahi hizi zitenganishwe: programu-jalizi iwe ile iliyotumia mamlaka ya kompyuta nzima, na kiendelezi kiwe kile kitendacho kazi ndani ya kivinjari. Mwalimu akizichanganya, mwanafunzi atadhani kwamba hatari ilizikwa pamoja na Flash. Pili, mfasiri asiyalainishe maonyo. Palipo na kitufe cha “Ongeza”, maelezo yaliyo kando yake yaseme waziwazi nani anaruhusiwa kusoma nini. Mwenye kompyuta akilielewa hilo kwa lugha yake, ataweka viendelezi vichache, ataondoa asivyovitumia, na atakataa ruhusa isiyolingana na kazi aliyoahidiwa.