Kurudi Makobola: hesabu ya miezi

Ndugu zangu wa chama, kila mwaka tukishapata diploma swali ni lile lile: unabakia mjini ama unarudi nyumbani? Anayerudi anachekwa. Mimi nina lisansi ya kilimo na nimerudi Makobola, maana baba hana tena nguvu na wadogo zangu wanadaiwa minerval. Wenzangu wakaniambia: « Miaka 5 ya chuo, halafu unarudia jembe? » Jibu langu ni historia yetu.

Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999, wanajeshi wa uasi wa RCD na washirika wao waliua watu Makobola II na vijiji vya jirani. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka 2010, inasema waliokufa walizidi 800. Wengi katika watu wa Fizi na Uvira walivuka ziwa kwenda Kigoma, wakaishi kambini Nyarugusu na Lugufu. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Toka mwaka 2005, HCR ilianza kurudisha watu kwa meli, kutoka Kigoma mpaka Baraka.

Sasa tufikiri kama watu wa kilimo. Mtu anashuka melini, shamba limekuwa pori. Muhogo, chakula chetu cha kila siku, unadai karibu mwaka mzima, hata zaidi. Maharagi ni miezi 3, viazi vitamu 4 ama 5. Basi anayerudi anapanda maharagi na viazi kwanza, huku muhogo unakomaa polepole; sombe anaichuma mapema, lakini kidogo kidogo, asidhoofishe mizizi. Na miti ya kupanda ataitoa wapi? Haihifadhiki miaka: ikikatwa, baada ya wiki chache inakauka. Lazima aombe kwa jirani. Na miaka ile ugonjwa wa mozaiki ulikuwa unaenea Afrika ya Mashariki na ya Kati, ukibebwa na inzi weupe na pia na miti yenyewe. Ukipewa mti mgonjwa, umepanda njaa ya mwaka ujao.

Mama zetu walipita katika hesabu hiyo bila diploma, na ndiyo maana leo kuna kijiji cha kurudia.

Kazi yangu sasa ni ndogo: nachagua miti isiyo na majani yaliyojikunja wala madoa ya manjano, nang'oa iliyougua, nagawia majirani ile mizima. Pesa bado haitoshi, siwadanganye. Minerval ya muhula huu tumelipa nusu. Lakini wewe unayefikiri kurudi, usije na haya. Kuja na akiba ya miezi 3, mpaka maharagi yaive, na uulize wamama wa pale walianzaje. Watakuonyesha.