Shule ambako hata alama ya mtihani inauzwa

WAPENZI wa katuni za Kijapani, maarufu kwa jina la anime, wanaifahamu Classroom of the Elite kama hadithi ya shule ambako urafiki una bei. Mfululizo huo unatokana na riwaya za Shōgo Kinugasa zilizoanza kuchapishwa mwaka 2015. Studio ya Lerche ilitoa msimu wa kwanza mwaka 2017, wa pili mwaka 2022 na wa tatu mwaka 2024.

Hadithi inahusu shule ya sekondari ya kubuni jijini Tokyo, iliyoanzishwa na Serikali ya Japan. Kwa miaka mitatu, wanafunzi huishi humo bila kuwasiliana na jamaa zao. Wakianza, kila mmoja hupewa pointi 100,000 za matumizi, na pointi moja ni sawa na yen moja.

Madarasa ni manne, kuanzia A hadi D. Shule huahidi chuo au kazi nzuri kwa wahitimu wake, lakini baadaye inabainika kuwa ahadi hiyo ni ya darasa A pekee. Darasa D, wanakowekwa wanaohesabiwa kuwa na kasoro, linaponda raha mwezi mzima. Ilipofika Mei mosi, hakuna pointi zilizoingia. Mwalimu wao, Sae Chabashira, anawaeleza kuwa uchelewaji, soga na simu darasani vimezimaliza zote. Kosa la mmoja huadhibu darasa zima.

Kisha unakuja mtihani ambao anayefeli hufukuzwa. Ken Sudō, mcheza mpira wa kikapu, anapungukiwa alama moja katika Kiingereza. Mwenzake, Kiyotaka Ayanokōji, anamfuata mwalimu na kuomba kuinunua alama hiyo. Bei inatajwa: pointi 100,000. Suzune Horikita, msichana mwenye majivuno aliyemwona Sudō kuwa mzigo, anachangia malipo.

Wajapani wana msemo wa "vita vya mitihani" kuelezea ushindani wa kuingia shule na vyuo bora. Mfululizo huu unaibua swali zito kuhusu vita hivyo: iwapo alama inanunuliwa, shule inapima nini? Ayanokōji mwenyewe alipata 50 katika kila somo la mtihani wa kujiunga, kwa makusudi, ili afiche uwezo wake. Mtazamaji anayemshukuru kwa kumwokoa Sudō hupigwa na butwaa mwishoni mwa msimu wa kwanza, anapobaini kuwa kwa kijana huyo wenzake wote ni vyombo tu vya kumfikisha kwenye ushindi.

Kwa kuwa zipo hila, vitisho na vipigo, hadithi hii haiwafai watoto wadogo. Mzazi mwenye kijana wa sekondari, hata hivyo, anaweza kuitazama naye, na kumuuliza kama angechangia pointi zake kwa ajili ya Sudō.