Kutoka Diski hadi Akaunti: Kinga dhidi ya Unakili na Faragha ya Mchezaji, Iwawa na Kwingineko, 1999–2024

Mchezo wa kompyuta uliwafikia vijana wa Nyanda za Juu Kusini ukiwa kitu cha kushikwa mkononi. Bidhaa zinazouzwa Iwawa, kata yenye makao makuu ya Wilaya ya Makete, kwa kawaida hupitia Makambako, mahali ambapo barabara kuu ya Zambia hukutana na reli ya TAZARA, kisha Njombe mjini, kisha hupanda milimani. Diski ya mchezo ilikuwa bidhaa kama hizo. Aliyeinunua, iwe halali au ya kukopi, alilipa fedha taslimu na hakuulizwa jina. Insha hii inadai kwamba kinga dhidi ya unakili ilipohama kutoka kwenye diski na kumwendea mtu, Tanzania tayari ilikuwa na sheria ya kumlinda mtunzi, lakini haikuwa na sheria mahsusi ya kulinda taarifa za mnunuzi. Pengo hilo lilidumu zaidi ya miaka 20.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 iliziweka programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, na ndiyo iliyounda COSOTA. Utekelezaji wake, hata hivyo, ulielekezwa kwenye mali. Stempu za kodi zilizoanza kubandikwa kwenye diski za muziki na filamu mwaka 2013 ni mfano mzuri wa fikra hiyo: mkaguzi alitazama kasha, na aliyepaswa kujieleza alikuwa muuzaji. Msikilizaji aliyekwenda nalo nyumbani hakuwa sehemu ya shauri.

Huko Marekani njia nyingine ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Septemba 2003 kampuni ya Valve ilitoa Steam, programu ya kusambaza na kusasisha michezo yake. Tarehe 16 Novemba 2004 ilipotoka Half-Life 2, hata mnunuzi wa diski alilazimika kufungua akaunti na kuunganishwa na intaneti kabla ya kuanza kucheza. Siku hiyo seva zilizidiwa, na watu waliokwisha kulipa wakabaki wakisubiri ruhusa ya kutumia walichonunua. Ikumbukwe kwamba wakati huo pwani ya Tanzania haikuwa na mkongo wa baharini. SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Sharti lililowaudhi wachezaji wa Ulaya kwa saa chache lingekuwa katazo kamili kwa mtu wa Makete. Diski ya kukopi, iliyoondolewa kinga yake, haikuhitaji seva wala jina. Hivyo mzigo wa kinga ulimwangukia zaidi mnunuzi mwaminifu, na jambo hili halijapewa uzito unaostahili katika mijadala ya uharamia nchini.

Watetezi wa programu hizo wana hoja. Diski ikikwaruzika, mchezo hupakuliwa upya; marekebisho huja yenyewe; walaghai hutambuliwa. Hoja ya kwanza ina nguvu, ingawa kwa anayenunua intaneti kwa bando, kupakua upya ni kulipa mara ya pili.

Suala la faragha lilichelewa kujitokeza. Aprili 2011 mtandao wa PlayStation wa Sony ulivamiwa, na taarifa za akaunti zipatazo milioni 77 zikawa hatarini. Mwaka huohuo Electronic Arts iliifanya programu yake ya Origin kuwa ya lazima kwa Battlefield 3. Masharti yake yaliipa kampuni ruhusa pana ya kukusanya taarifa za kompyuta ya mtumiaji, na wachezaji wa Ujerumani walipolalamika, kampuni ikayarekebisha. Mwaka 2014 Gabe Newell wa Valve alilazimika kueleza hadharani kwa nini mfumo wa kunasa walaghai ulipekua, katika kompyuta chache, kumbukumbu ya anwani za mtandaoni zilizotembelewa. Maelezo yake yalikuwa ya kuridhisha. Lakini yalithibitisha pia kwamba mlango uliowekwa kuzuia wizi unaweza kutumika kutazama ndani ya nyumba.

Nchini Tanzania mazoea ya kujitambulisha kwa kifaa yalijengwa na simu. Usajili wa laini ulianza mwaka 2009. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia kwa kutumia rejista ya namba tambulishi. Na mwisho wa kusajili laini kwa alama za vidole ukawekwa Januari 20, 2020. Kijana wa Iwawa aliyetakiwa na mchezo kufungua akaunti kwa simu hakuliona hilo kuwa jambo geni. Ibara ya 16 ya Katiba ilimhakikishia faragha, lakini hapakuwa na chombo mahsusi cha kupokea lalamiko lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024.

Sheria hiyo humtazama mtu mmoja mwenye taarifa zake. Katika kibanda cha gemu, akaunti moja inaweza kutumiwa na wachezaji kumi kwa siku, kila mmoja akilipia dakika zake, ilhali mkataba wa Steam hauruhusu akaunti kugawanwa. Rekodi ya nani alicheza nini na saa ngapi huandikwa yote kwa jina la mwenye kibanda. Akihama na kuuza mashine zake, kisheria hawezi kuiuza akaunti pamoja nazo, wala wale kumi hawana njia ya kuomba kufutwa kwa kumbukumbu ambazo hazikuwahi kubeba majina yao.